Nilivyowachelewesha Mahujaji wa Kator

Nikuambie mapema, ili usisome ukingoja muujiza: sijapona. Ninaandika haya nikiwa nimeketi kitandani, mito mitatu mgongoni, na nikimaliza ukurasa mmoja ninapumzika. Ila ule wakati mbaya kabisa, wa kuamka nikipigania pumzi mdomo wazi, umepita kwa sasa. Ninakuandikia wewe uliyetoka hospitali wiki hii na karatasi mkononi, umeambiwa moyo wako umepanuka na valvu yake haifungi vizuri. Mengine ya kitaalamu waulize madaktari. Mimi ni msusi wa nywele.

Naitwa Nekesa. Nilizaliwa Busia, upande wa Kenya, na nina saluni ndogo hapa Juba, mtaa wa Nyakuron, pamoja na dada yangu mkubwa, Rose. Yeye ndiye aliyenitangulia mji huu, akaniita. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa haraka, na ulimi wangu pia ulikuwa wa haraka. Nilisuka kichwa kizima huku ninakula, ninaongea na simu, na ninamgombeza muuza maji aliyesimama mlangoni. Mteja akilalamika kwamba ninamvuta, nilimwambia, mama, uzuri una bei yake, nyamaza nimalize.

Ugonjwa ulianza pamoja na mvua za mwaka jana. Kwanza viatu vilinibana, nikavilaumu viatu. Halafu kikohozi, nikalaumu vumbi la barabarani. Halafu nikawa siwezi kubeba ndoo ya maji kutoka mlangoni hadi ndani bila kuiweka chini mara mbili. Nilipima malaria mara nne, na mara mbili nilimeza dawa za malaria ambayo sikuwa nayo. Siku moja Rose aliinama, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akakitoa. Shimo likabaki pale pale.

"Nekesa," akasema, "huku si kunenepa. Haya ni maji."

Nikamwambia aache uganga. Kesho yake alifunga saluni na kunipeleka hospitali kwa nguvu, tukigombana njia nzima.

Kama hujakaa kwenye benchi la hospitali, utakaa. Sisi tulipewa nambari zilizoandikwa kwenye vipande vya katoni. Unafika alfajiri unapata nambari ya arobaini, unajiuliza hao thelathini na tisa walilala wapi. Nilijifunza kubeba kanga ya kukalia na chupa ndogo ya maji. Ndogo, kwa sababu mgonjwa wa moyo hupimiwa hata maji ya kunywa, na katika joto la Juba hiyo ni adhabu peke yake. Nilijifunza pia kutowatazama sana wenzangu wa benchini. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye miguu kama yangu, tulizoea kuchekeana. Mwezi uliofuata hakuja, na sikuthubutu kumuuliza mtu.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho yaliyochoka. Alipitisha kile kifaa baridi kifuani mwangu, akatazama kioo chake muda mrefu.

"Hii inataka operesheni," akasema. "Hapa haifanyiki."

"Inafanyika wapi?"

"Zamani tulikuwa tunawatuma Khartoum."

Akafuta kile kifaa. Vita vilivyoipata Khartoum kila mtu anavijua.

"Kwa hiyo?" akauliza Rose.

"Kwa hiyo dawa."

Dawa zilikuwa vidonge vya asubuhi, vidonge vya jioni, kidonge cha kutoa maji mwilini kinachokufanya ukimbilie chooni kila dakika kumi, na sindano moja kila baada ya wiki nne. Sindano hiyo ni nzito kama uji, na inaingia polepole kwenye tako huku unauma kanga. Kuna muuguzi mmoja aliyekuwa anaishikilia ile chupa ya dawa viganjani mwake kwanza, anaipasha moto huku ananiuliza habari za mitindo ya nywele, ndipo anidunge. Ilipunguza maumivu nusu. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na Mungu amjalie. Tangu hapo nikaacha kuhesabu miezi, nikawa ninahesabu sindano.

Kufikia sindano ya tatu nilikuwa nimekonda juu na kuvimba chini. Mifupa ya shingo ilitokeza, na tumbo lilikuwa la mama mjamzito. Wateja waliniuliza mtoto atazaliwa lini. Wa kwanza nilimjibu kwa upole, wa pili nilimfukuza na kichwa chake nusu kimesukwa, na Rose akaenda kumbembeleza barabarani.

Mume wangu ni Otim, fundi wa malori, mtu wa Gulu kule Uganda. Mwanzoni alikuwa ananibeba hadi chooni huku ananitania kwamba sasa nimekuwa mzigo wa heshima. Kufikia sindano ya tano alihamisha godoro lake chumba cha pili, eti kikohozi changu kinamnyima usingizi na kesho ana gari la kufungua injini. Sindano ya saba, vumbi la kiangazi likiwa limeshika, alikaa pembeni ya kitanda akatazama mikono yake.

"Mimi nachoka, Nekesa," akasema. "Mimi si daktari. Mimi naenda Gulu wiki mbili tu, natafuta pesa, narudi."

Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Hupiga simu Jumapili, anauliza kama nimekula. Nilimchukia sana, nisikufiche, halafu hata nguvu za kumchukia zikaniisha. Rose alihamia kwangu na sanduku lake moja na hatukulizungumza.

Nilikata tamaa. Ninasema waziwazi kwa sababu watu wengi hulificha hili, wanakuja kukutembelea na kukuambia uwe na imani, wanakunywa chai, wanaondoka. Nilikuwa ninalala nimegeukia ukuta, ninapanga kichwani nani atachukua mashine ya kukaushia nywele, nani achukue vioo. Nilimwambia Rose anizike hapa hapa, asihangaike na safari ya Busia. Alinitupia taulo usoni na kutoka nje.

Sasa hija. Kila mwaka kiangazi kikielekea mwisho, sisi wa kigango chetu kule Lemon Gaba hutembea kwa miguu hadi kanisa kuu la Kator. Ni Waganda wengi, Wabari wenyeji wa hapa, sisi Wakenya wachache. Tunaondoka alfajiri, tunasali rozari njiani na kuimba, na kwa mtu mzima mwenye afya ni mwendo wa asubuhi moja. Mwaka huu nikasema nitakwenda. Usidhani ilikuwa imani. Nilitaka kumdai Mungu. Nilijiambia, nikifika Kator kwa miguu yangu, na moyo huu ulivyo, atakosa cha kujitetea, itabidi aniponye. Nilining'iniza maisha yangu yote kwenye barabara hiyo.

"Utaanguka," akasema Rose.

"Nikianguka niache."

"Mjinga wewe. Nikuache nimwambie nini mama?"

Tulibishana siku nne. Mwisho akasema, basi, nitatembea nyuma yako na kiti. Na kweli, asubuhi ile alikuja na kiti cha plastiki cha saluni, cha bluu, amekitia begani.

Kuna jambo sikumwambia, na hili ndilo ninalotaka ulisikie vizuri wewe unayesoma. Kile kidonge cha kutoa maji nilikuwa nimeacha kukimeza. Barabara ile haina choo. Mwanaume anageukia ukuta, mambo yamekwisha, lakini mwanamke ajifiche wapi, katikati ya mahujaji, malori na vijana wenye simu? Niliona aibu kuchuchumaa mbele ya kwaya. Kwa hiyo tangu Alhamisi nilikuwa ninavificha vidonge kule saluni, ndani ya pakiti ya rasta za kusukia, nikidhani nitakuwa mkavu Jumapili. Mwili wangu ukafanya unavyojua. Maji yasipotoka chini, yanapanda juu.

Usiku wa Jumamosi ilinyesha mvua ya kwanza, na asubuhi njia ilikuwa na madimbwi. Tulianza vizuri. Nilitembea hatua mia moja, nikakaa kitini, nikatembea mia nyingine. Wenzetu walikuwa wanatupita wakiniambia, "Pole, mama," "Nguvu, mama," mpaka nyimbo zao zikapotelea mbele na tukabaki wawili. Mia ikawa hamsini. Hamsini ikawa ishirini. Nilivaa ndala za Otim, na vidole vilikuwa vimevimba vinajaa hata humo. Kifuani kulikuwa kunachemka, ninausikia mchemko huo kila nikivuta pumzi.

Tulipofika Nyakuron, si mbali na saluni yetu, jua lilikuwa limepanda. Rose alikuja mbele yangu akanitazama midomo.

"Umemeza dawa ya maji?"

"Ndiyo."

"Nekesa."

"Nimekuambia ndiyo."

"Apa kwa mama."

Hapo nikashindwa. "Hapana."

"Leo tu?"

"Tangu Alhamisi."

Akaniuliza kwa nini, nikamwambia. Rose alikitua kile kiti katikati ya njia, na badala ya kunikalisha mimi, akakaa yeye, akaanza kulia kwa hasira. Watu wakasimama kutazama.

"Kwa sababu ya mkojo!" akasema. "Uniache peke yangu katika mji wa watu kwa sababu ya mkojo!"

Sikuwa nimewahi kumwona akilia tangu tuwe wasichana. Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja sahani, nikaona haya kuliko ambavyo ningeona nikichuchumaa mbele ya kwaya kumi.

Alifuta uso kwa kanga, akanishika mkono hadi saluni, akaifungua. Vidonge vilikuwa pale pale kwenye rasta. Nilimeza, akanikalisha chini ya kioo kikubwa, akaweka ndoo nyuma ya pazia, akavuta mlango. Tukaanza kungoja. Alitaka twende hospitali moja kwa moja. Nikasema Kator kwanza. Tukakubaliana kwamba nikitoka kanisani ninaenda wodini siku hiyo hiyo. Niseme kabisa kwamba ndivyo ilivyokuwa: nilitoka Kator nikalazwa siku tisa, na daktari alinigombeza mpaka nikataka kucheka. Wewe usifanye nilivyofanya. Kojoa barabarani. Kojoa mbele ya askofu kama imebidi.

Simu ya Rose ikaita. Alikuwa Mzee Lado, katekista wetu, Mbari mwenye mvi ambaye Kiswahili chake alikiokota ukimbizini Uganda.

"Mko wapi? Sisi iko hapa mlangoni ya kanisa."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Hija yetu ina desturi yake, ameianzisha yeye. Hakuna anayevuka lango la Kator mpaka mtu wa mwisho afike. Mzee Lado huhesabu watu Lemon Gaba, huwahesabu tena langoni, na hesabu isipotimia wote hukaa nje. Na akifika yule wa mwisho, ndiye anayetangulia kuingia, na ndiye anayetoa shukrani kwa ajili ya wote. Watu zaidi ya mia walikuwa wamekaa juani, hawajala kitu, wananingoja mimi.

"Mwambie waingie," nikamnong'oneza Rose. "Mwambie nimezidiwa."

Rose alikuwa hana hamu ya kumdanganya mtu tena siku ile. "Baba," akasema, "mdogo wangu hakumeza dawa. Sasa amemeza. Tunangoja akojoe."

Nilitamani sakafu ifunguke.

"Mafi muskila," akasema Mzee Lado, yaani hakuna shida. "Mwambie akojoe taratibu."

Niliinyakua ile simu. Nikamwambia, baba, nakuomba, ingieni, mimi nitafika nikifika.

"Binti yangu," akasema, "wakati ya vita mimi iliingia mahali mara moja, na watu ya nyuma imebaki. Ile watu sikuona tena. Sisi nangoja."

Akakata simu. Nikarudi nyuma ya pazia.

Nilikaa pale zaidi ya saa mbili. Kila nikitoka nyuma ya pazia Rose alinitazama midomo, halafu miguu. Mchemko kifuani ukapungua, haukuisha. Tulipotoka, Rose alisimamisha bodaboda, akaniambia panda. Nikakataa. Akamwambia yule kijana aende, akarudisha kiti begani.

Kutoka hapo nilitembea hatua kumi kumi. Nimepita njia ile miaka mingi, na naapa sikuwahi kuiona. Mama mmoja anayekaanga mandazi aliusogeza mwavuli wake nilipoketi, akabaki yeye juani na mafuta yake ya moto. Muuza makaa aliondoa magunia mawili ili kiti chetu kipate kivuli cha mwarobaini. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa anajaribu kumfundisha mbuzi kukaa. Nilimtazama mpaka mbuzi akakimbia, nikacheka, nikakohoa, Rose akanipigapiga mgongo. Mbele kidogo nilijikuta nimesema asante, na hapakuwa na mtu pale wa kuambiwa. Nilikasirika. Sikuja kushukuru, nilikuja kudai.

Na hapo hapo, kabla hata ya kuliona lango, nilijua kwamba sitapona. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimefanya upande wangu wa lile deni, na moyo ulikuwa ule ule, unapiga bila mpango, unayumba. Hakuna kitu kitakachoshuka kutoka juu. Nilijua kama unavyojua kwamba mvua imekata. Niliketi kitini, nikamwambia Rose, "Haitafanya kazi."

"Najua," akasema. "Inuka."

Tulifika saa tisa. Walikuwa wameketi kando ya ukuta, wamebanana kwenye kivuli chembamba, wengi wamevua viatu. Watoto walikuwa wamelala mapajani mwa mama zao. Nilitarajia macho makali, kwa sababu mimi ningekuwa nayo. Wakasimama mmoja mmoja, wakijikung'uta vumbi. Mama mmoja Mganda, jirani yetu wa sokoni, akauliza kwa sauti, "Wewe imekojoa vizuri?" na watu wakacheka, nami nikacheka huku ninaona aibu mpaka masikioni.

"Samahani," nikasema. "Nisameheni, nimewachelewesha."

Mzee Lado alihesabu kwa kidole. Alipofika kwetu akasema, mia moja na kumi na mbili, mia moja na kumi na tatu, akafunga daftari. Nikajiweka sawa nitangulie, maana wa mwisho ni mimi. Lakini alikuwa ananipita kwa macho, anamtazama aliye nyuma yangu.

"Mwisho ni huyu," akasema. "Ya kiti."

Rose akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine. Akasema hapana, baba, mimi nimemsindikiza tu, mimi hata hija sikuitaka. Mzee Lado akampokea kiti, akampisha. Rose aliingia Kator mbele ya watu wote, kanga imechanika pindo, jasho limekauka shingoni, nami nikamfuata, na wote wakaja nyuma yetu kwa mwendo wetu.

Mbele ya altare wakamwambia atoe shukrani. Rose si mtu wa kusema kanisani. Alishika mikono yake, akatazama chini.

"Mimi sijui kusali," akasema. "Huyu ni mdogo wangu. Daktari aliniita pembeni mwaka jana, akaniambia hataiona mvua nyingine. Sikumwambia yeye. Nimebeba hilo peke yangu. Jana usiku mvua imenyesha. Alikuwa amelala, mimi nilikuwa macho, nikaisikia kwenye mabati, nikaenda kumtazama. Alikuwa anapumua. Haponi, hilo najua. Lakini mvua imenyesha na yuko hapa. Asante."

Alisema hayo tu, na hakulia. Niliyelia ni mimi. Akanishika kiuno, tukaanza kurudi kwenye benchi, hatua tano tukapumzika, hatua tano tena, na watu wote wakabaki wamesimama mpaka sisi wawili tulipokaa.